Queer East London kwa anayeanza: mwongozo kamili toka kusoma programu mpaka treni ya kurudi nyumbani

Kila ikikaribia Aprili simu yangu inajaa meseji zilezile, oya lile tamasha la muvi za Kiasia unaloendaga ni lini, tiketi wanauzia wapi, nikienda peke yangu sitaonekana kituko, na je za Shah Rukh Khan zipo? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwaiyo naandika yote hapa mara moja, na swali la mwisho jibu lake ni hapana, ntaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani

Queer East ni tamasha linalofanyika London, limeanzishwa na Yi Wang, na mwaka wake wa kwanza ulikuwa 2020, yaani limezaliwa korona ikiwa mlangoni na ratiba yote ikavurugika hapohapo. Kazi yake ni kuonyesha filamu za kwia, yaani za mashoga, wasagaji, waliobadili jinsia na wenzao (kwetu wengine wanasema kuchu, neno lililotokea upande wa Uganda) kutoka Asia Mashariki na Asia ya Kusini-Mashariki: Taiwan, Hong Kong, China, Japani, Korea, Thailand, Vietnam, Ufilipino, Indonesia, Malaysia, Singapore na majirani zao, pamoja na za watoto wa huko waliokulia ughaibuni. Sio filamu tu, kuna dansi, kuna maonyesho ya jukwaani, kuna video za wasanii ambazo ukiingia bila kujua utadhani projekta imeharibika.

Sasa mtu wa pwani akisikia Asia kichwa kinaenda Bombay moja kwa moja, na simlaumu, tumelelewa na muvi za Kihindi na tulikuwa tunalia kwenye nyimbo ambazo hatuelewi hata neno moja. Ila hili sio tamasha la India. Ukitaka upande huo liko KASHISH la Mumbai, limeanza 2010, mwanzilishi wake Sridhar Rangayan, na jina lenyewe kwa Kihindi na Kiurdu maana yake mvuto. Na ukiwa hapahapa London ukataka mchanganyiko wa dunia nzima liko BFI Flare, huwa Machi, hilo ni la zamani, toka 1986. Nasema haya mapema sababu nishampeleka mtu akakaa dakika ishirini anasubiri wimbo uanze.

Na neno "huru" kwenye filamu huru msilichukulie juu juu mkadhani maana yake ni hela kidogo tu. Chukua China: filamu ili ionyeshwe hadharani inatakiwa ipate kibali cha serikali, kile kinembo cha joka la kijani mnachokionaga mwanzoni mwa muvi za kule, na hadithi ya kwia kupata joka ni ngumu kama kumpata ngamia Kariakoo. Kwaiyo mtu anashuti bila kibali, na akishashuti hivo tayari kajifungia milango ya sinema zote za nchini kwake. Hapo ndo tamasha kama hili linakuwa sio starehe ya mjini, mara nyingine ndo ukumbi mkubwa ambao hiyo filamu itapata kuonyeshwa. Wakenya waliopanga foleni Nairobi mwaka 2018 zile siku 7 mahakama ilipofungua zuio la Rafiki, ile filamu ya mabinti wawili wanaopendana, nyie hili hamhitaji kuelezwa.

Hatua ya 1: weka tarehe kichwani mapema

Miaka ya karibuni limekuwa likiangukia Aprili, mara nyingine linaingia mpaka Mei. Programu inatoka wiki kadhaa kabla. Jiunge na barua pepe zao, na tumia imeili yako binafsi, sio ya kazini, tutafika huko kwenye mambo ya siri. Siku programu inatoka usiseme ntaangalia wikendi, filamu ya ufunguzi, ya kufunga na zile za kumbi ndogo ndo zinaisha kwanza. Za kumbi kubwa katikati ya wiki unaweza kupata hata siku yenyewe.

Hatua ya 2: soma programu kama mtu mwenye hela kidogo

Hapa watu wengi wanakosea. Wanafungua orodha, wanaona filamu hamsini na kitu, wanachagua zile zenye jina walilowahi kulisikia, wanalipa, wanarudi wamefurahi kiasi. Mi fomula yangu ni tatu tu: kifurushi kimoja cha filamu fupi, moja ya zamani, na moja ya nchi ambayo huwezi kutaja mji wake wa pili kwa ukubwa.

Filamu fupi ndo nazipigia debe kuliko zote na nitazipigia debe mpaka nife. Filamu ndefu yenye jina, imetoka Berlin au Cannes, itarudi, itaingia kwenye apu fulani, utaiona tu hata mwaka kesho. Filamu fupi ya dakika kumi na mbili iliyotengenezwa na binti wa miaka ishirini na nne kule Manila kwa kuazima kamera, hiyo ikishaonyeshwa usiku ule ndo basi, hutaiona tena labda uwe rafiki yake. Alafu kiuchumi, tiketi moja unapata waongozaji watano au sita, na ikikuchosha moja vumilia kidogo tu inaisha inakuja nyingine. Wanazipanga kwa mada, kwaiyo soma mada usisome majina.

Ya zamani nayo ina sababu. Watu wengi (hata mimi kabla) tunadhani haya mambo kwenye muvi za Asia yameanza juzi na zile tamthilia za Thailand za wavulana wanaopendana. Japani mwaka 1969 Toshio Matsumoto alitoa Funeral Parade of Roses, nyeusi na nyeupe, imepigwa Tokyo kwenye baa za mashoga za Shinjuku, ameichukua ile hadithi ya kale ya Kigiriki ya kijana aliyemuua baba akamwoa mama akaigeuza juu chini, na katikati ya hadithi anakatisha anawahoji waigizaji wenyewe kuhusu maisha yao. 1969! Kwaiyo ukiona kwenye programu imeandikwa imefanyiwa ukarabati au imetoka makavazini, usiipite, na kwenye skrini kubwa ni kitu kingine kabisa.

Jambo dogo la Uingereza ambalo litakuchanganya: pembeni ya jina la filamu utaona 15 au 18, mara nyingine na kinyota mbele yake. Kinyota maana yake ile bodi ya kupima filamu haijaipima, umri umewekwa na ukumbi au manispaa. Haimaanishi ni chafu. Nimeona filamu ya bibi wawili wanapika supu saa nzima imewekewa 18 na nyota. Ila maelezo ya tahadhari chini yake yasome, hasa kama una mambo yako ambayo hutaki kuyaona bila kujiandaa, sababu filamu nyingi za huku zina msiba, familia inayofukuza, na mtu kujidhuru.

Hatua ya 3: nusu saa ya homuweki, haikudhuru

Sio lazima, ila mtu aliyejua haya matatu manne anafaidi mara mbili.

Tamasha la kwia la Hong Kong lilianza 1989, ni la siku nyingi kuliko yote Asia. Na pale pale kwenye jina lake la Kichina aliyeliandaa, Edward Lam, alichukua neno tongzhi akalipachika maana mpya. Tongzhi ni lile neno la wakomunisti la kuitana, na Mtanzania yeyote aliyeishi enzi za chama kimoja haitaji tafsiri: ni NDUGU. Ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, ndugu wananchi. Hebu fikiria mtu achukue lile "ndugu" la mikutano ya tawi, aligeuze liwe neno la mashoga na wasagaji kuitana wenyewe kwa wenyewe, kwa heshima, na lishike mpaka leo. Kila nikilifikiria nacheka. Na kwetu limetokea kinyume kabisa, shoga lilikuwa neno tamu la wanawake wa pwani kuitana, bado lipo, nenda Tanga au Mombasa utasikia "shoga yangu", ila mtaani wamelinyakua wamelifanya tusi. Wao walichukua neno la serikali wakalifanya la upendo, sisi tumechukua la upendo, basi niishie hapo.

Taiwan miaka ya 90 nao wakaligeuza queer kwa sauti ikawa ku'er, ukilisoma herufi zake ni kama kijana mkali mkali hivi, kijana kuul. Haya maneno utayasikia ukumbini.

Tokyo tamasha lao la kwia walianza 1992. Jakarta walikuwa na Q! Film Festival toka 2002 na walienda vizuri tu miaka, mpaka 2010 kundi la FPI, Waislamu wenye msimamo mkali wa kule, likaja milangoni kwenye kumbi kufanya fujo. Beijing ndo hadithi yenyewe: walianza 2001 chuo kikuu cha Peking, wakafungiwa, wakahama, wakafungiwa, mwaka 2014 ufunguzi wakaufanya ndani ya treni, watu wamekata tiketi za kawaida kama abiria, kila mtu na laptop yake, filamu wamegawana, wanabonyeza pamoja wanaangalia treni inatembea. Askari atafunga ukumbi gani sasa. Ukiwa na hiyo picha kichwani, siku umekaa kwenye kiti cha sponji London na soda yako hutalalamika kiyoyozi.

Na moja ya sheria, fupi. Kifungu 377 cha India, kile kilichofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ni cha Waingereza, kanuni ya adhabu ya 1860, na ndo hiyohiyo kanuni ya India waliyoileta Afrika Mashariki kutumika kabla ya kubadilisha mwaka 1930, kwaiyo vifungu vyetu, 162 cha Kenya na 154 cha Tanzania, ni watoto wa ukoo mmoja na cha Singapore na cha Malaysia. India mahakama iliondoa kosa hilo kwa watu wazima waliokubaliana 2018, Singapore wamefuta 2022. Tarehe 24 Mei 2019 ndoa za jinsia moja zilianza rasmi Taiwan, nchi ya kwanza Asia, na siku hiyohiyo, tarehe hiyohiyo, Mahakama Kuu Nairobi ikakataa kufuta 162. Nilikuwa kazini nasoma habari mbili kwenye simu moja. Kwaiyo ukiona filamu ya Malaysia ambayo watu wanaongea kwa mafumbo mwanzo mwisho, we unajua fika kwa nini.

Hatua ya 4: tiketi

Hakuna dirisha moja la tamasha zima. Kila ukumbi unauza zake kwenye tovuti yake, bei zake, makato yake ya kubuku, akaunti yake na neno la siri lake. Kwaiyo kabla ya siku ya mauzo fungua akaunti kwenye kumbi unazozihitaji, weka kadi, hiyo dakika tano itakuokoa. Kumbi ambazo limekuwa likizitumia ni kama Barbican, BFI Southbank, ICA, Rio ya Dalston na Genesis ya Mile End. Ukiwa na miaka 25 kushuka tafuta kwanza mpango wa vijana wa Barbican na wa BFI, kujiunga bure, na tofauti ya bei sio ndogo, wengine tulijua tukiwa na 27, iliuma.

Kabla hujalipa fungua ramani. Rio mpaka BFI sio karibu, usinunue ya saa kumi na mbili Dalston na ya saa mbili Southbank ukadhani utafika, filamu itaisha, watakuja na maswali na majibu dakika ishirini mpaka nusu saa, na we utakuwa unatoka kwa kukanyaga watu miguu huku mwongozaji aliyetoka Seoul anaongea. Acha saa moja na nusu katikati, au zote mbili chukua ukumbi mmoja.

Zikiisha usikate tamaa. Watu wanarudisha. Angalia asubuhi ya siku yenyewe na tena saa mbili kabla, na ukumbi ukiwa na foleni ya tiketi za kurudishwa nenda kapange, mtu mmoja mmoja huwa anapata, mkiwa wanne mnatafuta viti vya pamoja hapo mnajidanganya.

Hatua ya 5: siri, hii msiiruke

Najua unaishi London na unajiona huru. Lakini ndugu zako wako WhatsApp. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipiga picha tiketi yangu, jina la tamasha liko kubwa pale juu, nikaweka status nikiwa nimewaficha watu watano niliodhani ndo wabaya. Binamu yangu wa Muscat sikumkumbuka. Kufika saa nne usiku shangazi anapiga, "mwanangu, hivi Queer ndo nini, ni kozi?" Nikamwambia ni sinema ya Wachina. Sio uongo, ila sikulala.

Kwaiyo. Status zima kabisa siku hiyo au tengeneza orodha ya wachache unaowaamini, usitengeneze ya kuwaficha sababu lazima utamsahau mmoja. Kama kalenda yako ya simu au akaunti ya imeili unashea na mume, mke, kaka, tiketi itajiandika yenyewe kwenye kalenda, angalia. Kwenye taarifa ya benki linatoka jina la ukumbi, sio la tamasha, hapo uko salama. Kwenye matamasha mara nyingi kuna mpiga picha, ukiona kamera mwambie tu hutaki, au kaa safu za nyuma, hakuna atakayekuuliza mara mbili. Na wewe pia usipige picha watu ukumbini ukaweka mtandaoni, pembeni yako anaweza kuwa mtu wa Kuala Lumpur au Jakarta ambaye anarudi kwao Jumatatu.

Kama unasafiri kwenda nyumbani karibuni, hasa Uganda na sheria yao ile ya 2023, pita kwenye simu kabla ya kupanda ndege, picha, skrinshoti, vipeperushi kwenye begi. Sikutishi, nakwambia ninachofanya mwenyewe hata nikienda Dar.

Hatua ya 6: kufika

BFI Southbank iko chini ya daraja la Waterloo, shuka Waterloo tembea kuelekea mtoni. ICA iko barabara ya The Mall, shuka Charing Cross, mlango ni mdogo unaweza kuupita. Genesis shuka Stepney Green, hiyo ndo rahisi kuliko zote na mitaa yake unapata chakula halali cha bei ya kibinadamu. Rio shuka Dalston Kingsland, na soko la Ridley Road liko hapohapo, ndizi za kupika, mihogo na bamia zipo, mi huwa nanunua kabla ya muvi nakaa na mfuko wa mihogo miguuni.

Barbican ndo mtihani. Lile jengo limejengwa kama mtu aliyekuwa hataki wageni. Kwanza angalia tiketi imeandikwa sinema namba ngapi: namba 1 iko ndani ya jengo kuu, chini kabisa, lakini namba 2 na 3 haziko humo, ziko Beech Street na mlango wao wa peke yake. Watu wanafika mapema kabisa, wanaingia jengo kuu, wanazunguka ngazi mpaka filamu inaanza. Njiani ukiona mstari wa njano sakafuni ufuate, umechorwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Fika robo saa kabla. Usitegemee yale matangazo ya nusu saa ya sinema za kawaida, kwenye tamasha kuna mtu anakuja mbele kusema maneno mawili kisha taa zinazimwa. Na kwenda peke yako ni kawaida kabisa, nusu ya ukumbi wako peke yao.

Hatua ya 7: ndani, tumia masikio

Hapa ndo nilikuwa nataka tufike. Karibu kila filamu ina maandishi ya Kiingereza chini, na sisi tuliosoma Kiingereza cha shule tunayakimbiza macho kama tunafanya mtihani, tukimaliza hatujaona sura ya mtu hata moja. Pumzika. Yale maandishi yanaficha kitu ambacho Mswahili ana bahati ya kukidaka kuliko Mwingereza aliyekaa pembeni yake.

Lugha nyingi za huko zinaitana kama sisi, kwa udugu na umri, sio kwa majina. Mthai anasema phi kwa mkubwa na nong kwa mdogo. Mfilipino ana kuya ndo kaka mkubwa, ate ndo dada mkubwa. Mvietnam mara nyingi hata "mimi na wewe" ya moja kwa moja haitumii, anasema anh na em, kaka na mdogo, na wapenzi nao wanaitana hivohivo. Mkorea kijana anamwita mwanaume mkubwa kwake hyung, binti anamwita dada mkubwa unnie. Kiingereza kinafanyaje? Kinaandika "you", au kinaweka jina tu. Kwaiyo kuna ile sekunde ambapo mtu aliyekuwa anamwita mwenzake kwa heshima ya ukubwa ghafla anaacha, au anamwita kwa neno la karibu zaidi, ukumbi mzima wa Wazungu umetulia haujui kwamba hapo ndo mapenzi yametamkwa, na we umeshasikia. Ni kama mtu amekuita "shemeji" miaka mitatu alafu siku moja akuite jina lako. Huhitaji kujua Kithai, shika hayo maneno mawili tu, subiri lini linabadilika.

Vivyohivyo maneno ya watu wenyewe. Bakla la Kifilipino wataliandika "gay", kathoey la Kithai wataliandika wanavyojisikia, waria la Kiindonesia ni wanita na pria, mwanamke na mwanaume, yamekatwa yakaunganishwa. Hayalingani na Kiingereza na hayalingani na Kiswahili pia, kwaiyo ukiyasikia yaache yawe yalivyo.

Alafu jiandae na ukimya. Tsai Ming-liang, mzaliwa wa Kuching Malaysia anayefanyia kazi Taiwan, alichukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, 1994 kwa filamu inayoisha na mwanamke amekaa kwenye benchi la bustani analia, kamera haitoki, kama dakika sita hivi. Filamu yake ya 2020, Days, inaanza kwa kukwambia kabisa kwamba haijawekewa maandishi kwa makusudi. Nilikaa nikaanza kusikia mvua, kisu kinakata mboga, mtu anapumua, na dakika ya arobaini nikawa sijui kama nimechoka au nimetulia. Mwenzangu alilala akakoroma, na kiukweli sikumwona mjinga. Ukiboreka usitoe simu, mwanga wake unaonekana safu kumi nyuma, funga macho tu.

Hatua ya 8: maswali na majibu

Baki. Hata kama filamu hukuipenda, baki. Muuliza maswali wa kwanza huwa ni mtu anayetoa hotuba yake mwenyewe, vumilia, wa tatu na wa nne ndo wazuri. Ukitaka kuuliza uliza kitu cha kazi: mlipata wapi ile nyumba, kwenu imeonyeshwa wapi, mama yako ameiona? Hili la mama nimeshalisikia likiulizwa, mpaka mtafsiri akashindwa kuendelea kwa sekunde kadhaa. Usiulize "wewe ni shoga?" na usiulize majina ya waigizaji wasiotajwa, kuna sababu hawakutajwa. Kiingereza chako kisikutishe, na mwongozaji mwenyewe mara nyingi anaongea kwa mkalimani.

Kama uko nje ya London au huko nyumbani

Tamasha limekuwa na kawaida ya kuzungusha baadhi ya filamu kwenye miji mingine ya Uingereza baadaye mwakani, kwaiyo mliopo Manchester na kwingineko fuatilieni zile barua pepe. Walioko Dar, Nairobi, Muscat, Bujumbura, liko jukwaa la Taiwan linaitwa GagaOOLala, ni la filamu na tamthilia za kwia, nyingi za Asia, nyingine bure, ila baadhi zinafungwa kulingana na nchi uliyopo. Tumia simu yako mwenyewe, usitumie kompyuta ya ofisi, na jina la apu kwenye skrini linajieleza, liweke kwenye folda.

Wanaotaka kujitolea, kushika milango na kugawa karatasi, angalieni kama wametangaza kabla ya Aprili. Nyie wenye filamu zenu za Kiswahili mnaoniuliza mtume wapi, hapa sio penyewe, labda iwe ina mguu Asia Mashariki au Kusini-Mashariki, jaribuni Flare.

Na treni: Ijumaa na Jumamosi usiku Central, Jubilee, Northern, Piccadilly na Victoria zinatembea usiku kucha sehemu kubwa ya njia, kwaiyo hizo siku mbili ndo za kuchukua filamu ya usiku na kubaki kunywa chai na watu. Siku nyingine angalia saa kabla maswali hayajaanza. Kutoka Genesis mi huchukua basi la 25, linapita mlangoni barabara ya Mile End, unapanda juu, unakaa mbele, una dakika arobaini za kubishana na mwenzako kama yule jamaa mwishoni alimwita kaka au alimwita mpenzi.